Siku Tuliyoijaribu Boti Nyuma ya Musira

Nilizaliwa Kaagya, ndani ya migomba na mibuni, na nilikuwa msichana mkubwa kabla sijatia mguu katika maji ya ziwa. Kwetu maji yalikuwa ya kisima na ya mvua. Samaki walifika nyumbani wakiwa wamekaushwa na kufungwa kwenye majani, na sikumbuki hata siku moja kujiuliza walitoka wapi. Masista walionifundisha ukunga hawakunifundisha kuogelea. Kwa hiyo serikali iliponipangia zahanati ya kijiji kimoja cha mwambao, upande wa Muleba, nilishuka kwenye lori nikiwa na sanduku la bati, vitabu viwili, na hofu ambayo sikuwahi kuwa nayo kabla.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini. Watu walikuwa wameondolewa kwenye vibanja vyao vya zamani, yale mashamba yao ya migomba, na kupangiwa nyumba kwa mistari kando ya barabara. Zahanati yangu ilikuwa vyumba viwili na veranda. Ukisimama verandani unaliona ziwa lote, na ndani ya ziwa visiwa, na watu wa visiwa vile nao walikuwa wagonjwa wangu. Walikuja kwa mitumbwi ya makasia. Waliposhindwa kuja, nilifuatwa.

Mwaka wangu wa pili nilifuatwa kwa ajili ya mama mmoja aliyekuwa na uchungu siku ya pili. Mtoto alikuwa amelala kiubavu. Hakuna nililoweza kufanya kule kisiwani isipokuwa kumleta nchi kavu na kumtafutia gari la kwenda hospitali. Tukamlaza ndani ya mtumbwi juu ya majani ya migomba, wanaume wanne wakapiga kasia. Katikati ya njia upepo ukageuka. Safari ya saa mbili ikawa ya saa tano. Alikufa akiwa ameshika kanga yangu, huku tukiiona kabisa zahanati mbele yetu na watu wamesimama verandani wakitusubiri. Wale wanaume hawakuacha kupiga kasia. Nadhani hawakujua wafanye nini kingine na mikono yao.

Tangu siku ile nililiogopa ziwa kwa namna mbili. Niliogopa kuingia ndani yake, na niliogopa asubuhi nitakayoitwa tena nishindwe kuingia.

Kifo kile ndicho kilichofanya mkutano wa kijiji uamue kwamba tununue boti ya injini. Mwenyekiti wetu ndiye aliyeleta hoja. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyewahi kuwa karani wa chama cha ushirika, na alikuwa na tabia ya kumsikiliza mtu mpaka mwisho bila kupepesa jicho, jambo lililowafanya watu wafupishe maneno yao. Mimi nilimwogopa, na nilikuwa na sababu. Miezi michache kabla ya hapo mkulima mmoja alisimama mkutanoni akasema nyumba yake mpya imepangwa mahali panapotuama maji. Mwenyekiti alimsikiliza, kisha akasema, "Huyu ndugu anapinga maendeleo ya wenzake," na karani wa kijiji akaandika. Wiki iliyofuata yule mkulima aliitwa wilayani. Alikaa huko majuma mawili. Aliporudi alihamia kwenye nyumba yake ya matopeni, na sikumsikia tena akifungua mdomo mkutanoni. Alifanywa nini huko sijui. Hakuna aliyeuliza.

Boti yenyewe ilipatikana Bukoba mjini. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka Miembeni alikuwa akiiuza. Ndugu zake wengi walikuwa wameshaondoka nchini, na boti ambayo nduguye alikuwa akisafirishia bidhaa ilikuwa imelazwa nchi kavu miaka miwili, imefunikwa turubai. Bei ilikuwa imekwisha kukubaliwa kwa barua. Kilichobaki ni kuikagua na kusaini kwamba ni nzima. Mwenyekiti akateua watu watatu: yeye mwenyewe, fundi mmoja mzee wa kijijini aliyekuwa akichonga mitumbwi tangu ujana wake, na mimi.

"Nesi ndiye atakayeipanda pamoja na wagonjwa," alisema mkutanoni. "Nesi anajua kuandika. Nesi atasaini."

Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa wanawake, nikahisi jasho likinitoka mgongoni.

Tulifika Bukoba jioni kwa lori la ushirika. Wanaume wawili walilala kwa jamaa ya mwenyekiti, mimi nikaenda kwa shangazi yangu aliyekuwa akikaa Nyanga. Alinipikia ndizi na maharage, chakula ambacho nilikuwa nikikitamani miezi mingi, nikashindwa kumeza zaidi ya matonge mawili. Nilimwambia nimechoka na safari. Sikutaka kumwambia kwamba kesho nitapanda boti, maana angelia, na mimi ningelia naye.

Asubuhi tulimkuta yule mzee wa Kihindi akitusubiri mbele ya duka lake, amevaa kofia na sweta kwa sababu ya manyunyu. Alitusalimia kwa Kihaya, Kihaya safi cha mtu aliyezaliwa mjini hapo hapo, na akatutolea akamwani, ile kahawa ya kutafuna, kama mwenyeji yeyote angefanya. Mwenyekiti aliitia mdomoni akatangulia njia. Njiani kuelekea ziwani yule mzee alitembea karibu nami.

"Nesi, ikaguliwe vizuri," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi sijui mambo ya boti, aliyejua ni ndugu yangu. Kama ina ubovu, semeni leo. Nisije nikaambiwa baadaye nimekihujumu kijiji. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Ndipo nilipojua kwamba katika msafara ule si mimi peke yangu niliyekuwa nimekosa usingizi.

Boti ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia, urefu wa mitumbwi miwili, imepakwa rangi ya buluu isiyo ya zamani. Ilikuwa imeegemezwa juu ya magogo, hatua chache kutoka kwenye maji. Fundi aliizunguka kwanza bila kuigusa, mikono nyuma. Kisha akatoa nyundo yake ya mti akaanza kugonga ubao mmoja baada ya mwingine, kuanzia mbele kwenda nyuma, huku akiinamisha kichwa kusikiliza.

"Ubao mzima unajibu kwa sauti kavu," alinieleza. "Uliooza unajibu kama mtu aliyezibwa mdomo."

Alikuwa mtu mpole sana, na kijiji kizima kilimwamini. Lakini mimi nilijua jambo ambalo kijiji hakikulijua. Mwaka mzima nilikuwa nikimsafisha usaha sikioni, na kwa jinsi nilivyoona, sikio lake la kulia lilikuwa limekufa na la kushoto lilikuwa njiani. Aliniomba nisimwambie mtu. Alisema fundi asiyesikia hapati kazi. Nilimwahidi, na ahadi ya namna ile kwa mtu wa kazi yangu haivunjwi. Sasa nilisimama pale nikimtazama akisikiliza mbao ambazo hakuzisikia, na mwenyekiti kando yake akitikisa kichwa kwa kuridhika kila nyundo ilipolia.

Injini ilikuwa katikati ya boti, ndani ya sanduku la mbao. Yule mzee wa Kihindi alivuta kijiti cha kupimia mafuta, fundi akakifuta kwa kidole. Mafuta yalikuwa meusi. Alisema hiyo ni dalili njema, maana yangekuwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yangekuwa yameingia ndani. Wakaiwasha kwa mkono, ikakohoa mara tatu, ikashika. Mwenyekiti alitabasamu. Sikuwahi kumwona akitabasamu kabla ya hapo.

Wanaume walipokuwa wakisikiliza injini, mimi niliingia ndani ya boti nikaanza kupapasa. Sikujua ninatafuta nini. Kazi yangu ilikuwa ya vidole. Kwa vidole nilijua kichwa cha mtoto kiko wapi na mgongo uko wapi. Nikapiga magoti nyuma ya sanduku la injini, mahali penye giza na mafuta yaliyoganda, nikaupitisha mkono chini, ubao hadi ubao. Mbao zote zilikuwa ngumu na baridi. Kisha vidole vyangu vikafika mahali pamoja, upana wa kiganja, palipokuwa na rangi kama pengine pote lakini palipobonyea kidogo chini ya kidole gumba.

Ndani ya mfuko wangu kulikuwa na sindano ya kufumia. Siku zile nilikuwa nikifuma kofia za watoto wachanga nikiwa sina wagonjwa. Niliichukua, nikaielekeza pale, nikasukuma. Iliingia kama inaingia kwenye ndizi iliyoiva. Nilipoichomoa, ncha yake ilikuwa na unga wa kahawia, mbichi, wenye harufu ya uyoga.

"Nesi." Mwenyekiti alikuwa ameinama juu yangu, mkono juu ya sanduku la injini. "Umeona nini huko?"

Nimelirudia jibu langu kichwani mara nyingi mno, na bado sipendi kuliandika. "Hakuna kitu, Ndugu Mwenyekiti," nilisema. "Uchafu tu."

Akaondoka. Mimi nikabaki pale chini.

Kwa nini nilisema vile? Niliogopa jicho lake lisilopepesa, na niliogopa karani na kalamu yake. Niliogopa kumwaibisha fundi mbele ya watu, maana wa kwanza kuulizwa angekuwa yeye. Nilijiambia kwamba mimi ni msichana wa migombani, najua nini kuhusu mbao za boti, huenda kila boti ina mahali laini. Na lipo jingine. Niliitaka ile boti. Niliitaka kuliko mtu yeyote kijijini. Nilikuwa nikiuona mkono wa yule mama kwenye kanga yangu, na boti ilikuwa mbele yangu, ya buluu, injini inanguruma. Sikutaka iwe mbovu.

Tulipaswa kuijaribu majini asubuhi ile ile, lakini dizeli haikuwapo. Mwenyekiti alikwenda ofisi hii na ile kutafuta kibali, na aliporudi na debe moja, ilikuwa imepita saa nane mchana. Manyunyu yalikuwa yameisha. Upepo ulikuwa umeanza kutoka ziwani, na maji, ambayo asubuhi yalikuwa yametulia, sasa yalikuwa na mistari myeupe kwa mbali.

"Tungoje kesho alfajiri," alisema yule mzee wa Kihindi. "Ndugu yangu hakutoka mchana kama huu."

"Lori letu linaondoka kesho alfajiri," mwenyekiti alijibu. "Tunajaribu leo. Tunazunguka Musira na kurudi."

Musira ni kisiwa kidogo cha mawe kinachotazamana na mji. Ukiwa Bukoba unakiona kila siku, kiko karibu kiasi cha kukufanya udhani unaweza kukigusa. Upande wake unaotazama mji hauna matata. Upande wa pili hakuna kinachozuia upepo.

Vijana wa pwani walisaidia kuisukuma boti majini. Yule mzee wa Kihindi hakulazimika kuja, lakini alipanda. Alisema mtu anayeuza kitu ambacho yeye mwenyewe anaogopa kukipanda ni mwizi. Fundi alishika usukani nyuma. Mwenyekiti aliketi mbele. Mimi niliketi juu ya ubao karibu na sanduku la injini, kwa sababu nilitaka kuwa karibu na pale mahali, kama mama anavyokaa karibu na mtoto mwenye homa.

Mwanzoni maji yaliingia kidogo kidogo kwenye maungio yote. Fundi alisema si neno, boti iliyokaa juani mbao hukauka, zikipata maji zitavimba na kujiziba zenyewe. Aliongea kwa sauti kubwa kama wafanyavyo watu wasiosikia. Tulikuwa na debe tupu la kuchotea. Tukaupita upande wa karibu wa kisiwa, na injini ilienda vizuri kabisa, na mwenyekiti akageuka akaniambia, "Unaona, Nesi? Saa moja tu kutoka visiwani mpaka kwako." Nilimjibu ndiyo. Nilikuwa nimebana magoti ili asione yanavyotetemeka.

Tulipokizunguka kisiwa tukatokea upande wa pili, wimbi la kwanza likainua boti mbele na kuiangusha. Nilisikia mlio chini yangu, mlio mdogo tu, kama mtu anavunja muwa. Kisha maji ya baridi yakanijaa miguuni.

Sikupiga kelele. Sauti haikuwapo. Nililala kifudifudi nyuma ya sanduku la injini, nikatia mkono chini, na mkono wangu ukaenda moja kwa moja pale. Ubao ulikuwa umeachia. Maji yalikuwa yakiingia kwa nguvu kati ya vidole vyangu, na nilipojaribu kuziba kwa kiganja, kipande kingine kikabomoka na kuelea mbele ya uso wangu.

"Ni hapa," nikasema. Sauti ilirudi ghafla. "Ubao umeoza. Ni hapa chini ya mkono wangu. Leteni nguo."

Fundi hakunisikia. Nikatambaa nikamshika mguu, akaniangalia, akaona uso wangu, akaelewa. Alimwachia usukani yule mzee wa Kihindi, akanivua sweta niliyokuwa nimejitupia mabegani kama anamvua mtoto, akaikunja pamoja na kofia yake mwenyewe, akaishindilia kwenye tundu na kuikalia kwa goti. Maji yalipungua, hayakukoma. Wakati huo yalikuwa yamefika kwenye gurudumu la injini, na gurudumu likaanza kuyarusha kila upande, usoni, machoni, mpaka injini ikakohoa ikazima.

Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kelele zote. Ulisikika upepo, na maji yakipiga ubavu wa boti, na yule mzee wa Kihindi akisema maneno kwa lugha yake, yale yale, tena na tena, taratibu. Boti bila injini iligeuka ubavu na kuanza kulala kila wimbi lilipokuja.

Nilitafuta debe. Lilikuwa mbele, kati ya miguu ya mwenyekiti. "Mwaga maji, Ndugu Mwenyekiti," nilimwambia. Hakusogea. Alikuwa ameshika kingo za boti kwa mikono yote miwili, macho wazi, midomo imekuwa ya majivu. Nimewaona akina mama wakiwa hivyo, wakati mtu anafika mahali ambapo maneno hayaingii tena. Nilimfikia kwa magoti. Nikamshika mkono wa kulia, nikabandua kidole kimoja kimoja kutoka kwenye ubao, nikamtia debe mkononi na kuifunga mikono yake juu yake.

"Chota," nikasema karibu na uso wake. "Mwaga. Chota. Mwaga. Usiangalie nje, niangalie mimi."

Akachota. Akamwaga. Mimi nilichota kwa kifuniko cha sanduku la dawa nililokuja nalo. Sijui tulifanya hivyo kwa muda gani. Nilisali Salamu Maria nikashindwa kuimaliza. Kila nilipofika katikati nilianza upya. Nilikuwa na hakika kwamba tutakufa, na kilichonitesa zaidi ni kwamba watu hawa watatu wangekufa bila kujua kwamba nilikuwa nimejua.

Upepo ule ule uliotutisha ndio uliotusukuma kisiwani. Wavuvi wa Musira walikuwa wametuona. Wawili waliingia majini mpaka kifuani wakatutupia kamba, na yule mzee wa Kihindi, mtu wa miaka zaidi ya sitini, ndiye aliyeidaka na kuizungusha kwenye nguzo ya mbele. Boti iligonga mawe, ikakwaruzwa, ikasimama. Nilishuka kwenye maji ya kiuno, nikapanda jiwe la kwanza kwa mikono na magoti, nikalala juu yake.

Hakuna aliyefariki. Mwenyekiti alitapika, kisha akakaa akiwa amefunikwa blanketi la mvuvi. Fundi alikuwa na jeraha la goti, nikalifunga. Yule mzee wa Kihindi alimwendea fundi akamuuliza bila ukali, kwa neno la heshima la Kihaya, "Waitu, pale palipotoboka ulipagonga?"

"Nilipagonga," fundi alisema. "Palijibu vizuri." Kisha akaangalia chini.

Niliona mwenyekiti akinitazama. Mwanamke anayebahatisha tu haendi moja kwa moja kwenye tundu, nyuma ya injini, gizani, mara ya kwanza.

Tulirudishwa mjini kwa mtumbwi kabla jua halijazama, na kesho yake tukapanda lori. Njia nzima hakuniuliza. Zikapita siku nane. Kila baiskeli iliyosimama mbele ya zahanati nilidhani imeleta barua ya kuniita wilayani. Nilipima watoto, nilifunga vidonda, usiku nilifuma kofia nikafumua. Siku ya tisa, baada ya misa ya Jumapili, nilikwenda nyumbani kwake mwenyewe, kwa sababu nilihisi kwamba nikingoja siku moja zaidi nitaugua.

Nilimkuta uani akigeuza kahawa juu ya jamvi kwa mikono. Alinionyesha kigoda. Sikukaa.

"Mzee, nilijua," nilisema. "Ule ubao niliuona asubuhi tukiwa nchi kavu. Niliutoboa kwa sindano. Uliniuliza, nikakudanganya."

Aliendelea kugeuza kahawa. "Nilikuwa nakungoja," alisema. Kisha akasimama, na alikuwa na hasira, hasira ya kweli. "Ungetuua, Nesi. Watu wanne. Na kama ubao ungeshika siku ile ukaja kuachia baadaye, ungekuwa wewe na mzazi na mtoto tumboni. Uliwezaje kuniangalia usoni ukasema ni uchafu?"

"Nilikuogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Yule ndugu wa nyumba ya matopeni alisema neno moja tu, ukasema anapinga maendeleo. Nikafikiri na mimi nikisema neno moja, yatanikuta yale yale."

Nilijua nimevuka mpaka. Nilisikia mkewe ndani akiacha kutwanga. Mwenyekiti alinitazama kwa muda mrefu, bila kupepesa kama kawaida yake, na mimi nilihesabu kwamba sasa ndiyo basi. Kisha akaketi juu ya kile kigoda alichonipa mimi.

"Kule kwenye maji," alisema, "sikuiona mikono yangu. Niliona kama ni ya mtu mwingine. Ulipoishika nilishtuka kwamba ninaisikia." Akaokota punje ya kahawa iliyotoka nje ya jamvi. "Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Mwambie fundi. Anadhani ni kosa lake peke yake. Hajala vizuri."

Hayo ndiyo yote aliyosema siku ile. Barua ya wilayani haikuja. Ningependa kuandika kwamba alibadilika, lakini sivyo nilivyoona. Miaka iliyofuata nilimsikia tena mara mbili mkutanoni akimwita mtu mpinzani wa maendeleo, na watu wakanyamaza, na mimi mara ya kwanza nilinyamaza nao. Mara ya pili nilisimama. Nikaomba huyo mtu aachwe amalize alichokuwa akisema, na akaachwa.

Kwa fundi nilikwenda jioni ile ile. Yeye ndiye aliyelia, si mimi. Alisema alijua kwamba hakusikia mlio wowote asubuhi ile, si mzima si mbovu, akajibu tu kwa mazoea. Baadaye aliwaambia watu mwenyewe kuhusu sikio lake, na hakukosa kazi kama alivyodhani. Alipata mwanafunzi wa kugonga, yeye akabaki na macho na mikono.

Yule mzee wa Kihindi aliikokota boti kutoka Musira kwa gharama yake, akaleta mbao mpya za mvule, fundi wetu na fundi mwingine wa mjini wakaibadilisha sehemu yote ya chini karibu na injini. Baada ya masika tukaenda kuikagua upya. Safari hii nilipapasa siku nzima, ubao hadi ubao, na palipokuwa na shaka nikasema kwa sauti, hata palipokuwa pazima. Mwenyekiti alikaa juu ya gogo akangoja. Kesho yake tuliingia ziwani alfajiri, maji yakiwa yametulia, na nikasaini. Yule mzee alituaga pale pwani. Niliambiwa baadaye kwamba alifunga duka na kuwafuata nduguze, na kwamba siku ya kuondoka aliwaaga majirani wa Miembeni mlango kwa mlango, kwa Kihaya.

Boti ilifanya kazi kijijini kwetu miaka kadhaa, mpaka vipuri vya injini vilipoadimika na ikabaki ufukweni, kuku wakitagia ndani yake. Kabla ya hapo ilileta wagonjwa wengi kutoka visiwani, wengine wakapona, wengine hapana. Niliipanda kila nilipoitwa. Sikuwahi kuizoea. Nilikaa wima njia nzima, mkono mmoja juu ya mgonjwa na mwingine chini kwenye mbao, na tulipofika nilishuka mimi kwanza, nikasimama mchangani mpaka magoti yalipotulia, ndipo nilipogeuka kumpokea.